Kaimu Rafiki

Ilikuwepo nchi, na wewe unayeijua tafadhali nyamaza, wenzako wasikilize. Nchi hiyo haikuwa na dhahabu wala mafuta, lakini ilikuwa na wanaume wanaoshikana mikono. Mtu akikutana na rafiki yake njiani alimpa mkono, na akishampa hakuudai mpaka maongezi yaishe, na maongezi ya kule yalikuwa marefu: mvua, watoto, nani anaumwa, mbuzi wa nani kala mahindi ya nani. Wazee wakienda kuzika, vijana wakirudi mpirani, hata askari wawili walioko zamu, utawakuta vidole vimeingiliana na mikono inabembea. Hakuna aliyeona ajabu. Aliyetembea peke yake ndiye aliyesimamishwa na kuulizwa, "Kulikoni bwana, umegombana na nani?"

Katika nchi hiyo waliishi wapasua mbao wawili, Mwinshehe na Shomvi. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili, huwezi kuifanya peke yako hata uwe na nguvu za punda. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku unapita kati yao, huyu avute, yule avute. Wa juu anapata upepo. Wa chini anapata unga wote wa mbao machoni.

Siku ya kwanza, miaka ishirini na mbili nyuma, walirusha kigae kuamua nani aingie shimoni. Mwinshehe akashinda. Wakakubaliana watabadilishana kila mwezi. Mwezi ulipokwisha Mwinshehe alikuwa na mafua. Mwezi wa pili akawa na mgongo. Mwezi wa tatu Shomvi mwenyewe akasema, "Acha bwana, mie shimo nimeshalizoea. Wewe ukiingia huku utatutapikia." Ndivyo macho ya Shomvi yalivyokwisha, kidogo kidogo, kwa vumbi lililotoka upande wa Mwinshehe.

Kupasua aliendelea kupasua, maana msumeno hauhitaji macho. Njia ndiyo inayoyahitaji. Basi kila asubuhi Mwinshehe alimpitia nyumbani na kumshika mkono, safari ikaanza.

"Twende, kipofu wa watu."

"Twende, mwenye macho ya kuangalia wake za watu."

Bi Siwema, mke wa Shomvi, alikuwa akipepeta mchele uani, na kila asubuhi alisema neno lile lile. "Shemeji, unirudishie huyo kama nilivyokupa."

"Nitakurudishia, shemeji. Nani mwingine atamtaka?"

*

Sasa, Mtukufu Mkuu wa nchi hiyo, ambaye majina yake yalikuwa mengi mpaka mtangazaji wa redio aliruhusiwa kunywa maji katikati, alialikwa nchi za mbali, kule kwenye baridi. Akashuka kwenye ndege, mwenyeji wake akampa mkono. Mtukufu akaupokea, na kwa kuwa alilelewa vizuri na mama yake, hakuurudisha. Akatembea nao. Mkono wa mwenyeji ukakakamaa kama mpini wa kikaango. Mwenyeji akatazama walinzi wake, walinzi wakatazama mawingu. Wakaenda hivyo mpaka kwenye gari, Mtukufu akimweleza habari za mvua.

Kesho yake gazeti la kule likawachora wote wawili, Mtukufu kavalishwa shela la bibi harusi. Mkalimani aliajiriwa kutafsiri kila kitu, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu mwaminifu, akatafsiri mpaka vicheko. Hivi sasa anachimba chumvi.

Mtukufu aliporudi alikusanya watu uwanjani.

"Ndugu wananchi, tumechekwa! Na tumechekwa kwa ajili yenu, maana tabia hii mimi nimeitoa kwenu! Kule nimepima kwa macho yangu haya. Kati ya mwanamume na mwanamume, dhiraa mbili! Dhiraa mbili, ndugu wananchi! Ndiyo maana wana treni. Treni itapita wapi kwa watu walioshikana?"

Watu wakapiga makofi. Mwanasheria Mkuu alifikiri kwanza, akaona kupiga makofi kunaruhusiwa, kwa vile mtu anajigusa mwenyewe.

Ikaundwa Wizara ya Umbali. Ilitakiwa dhiraa ya taifa, ikapimwa kwa mkono wa Mtukufu, ambao Mungu aliujalia ufupi, lakini kila waziri aliyepewa kamba kupima aliongeza kidogo kwa heshima, mpaka dhiraa ikawa ndefu kuliko mkono wa mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Fito zikakatwa, kila mmoja dhiraa mbili za kipimo hicho. Maafisa umbali elfu nne wakapewa fito na kofia. Kila asubuhi redio ilifundisha salamu mpya, mama na watoto wakiitikia: "Moja, mbili, achia! Moja, mbili, achia!" Mchezaji akifunga goli alikimbilia kona akakumbatia mti wa bendera, na wenzake wakampungia. Vinyozi waliamriwa kufunga wembe kwenye ufito, na masikio yakapungua nchini.

Polisi peke yao ndio walioachiwa kumshika mwanamume mkono, tena wakati wa kumkamata tu. Mzee mmoja mjane, mtu safi kabisa, akaanza kuiba kitunguu kimoja kila Ijumaa. Alikamatwa akapelekwa kituoni, njia nzima anamweleza askari habari za mvua.

*

Mtaa wa kina Mwinshehe ulipewa Afisa Umbali aitwaye Ngwali. Alikuwa mtoto wa mtaa huo huo, na kitanda alichozaliwa juu yake kilitoka kwenye mbao za Shomvi. Alikuwa na adabu sana, ndiyo maana aliteuliwa.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, baba," alisema Mwinshehe. "Tumekuja kuomba kibali. Mwenzangu huyu haoni, sharti nimshike."

Ngwali akavuta fomu. "Haoni kabisa?"

"Nuru naona," alisema Shomvi, mtu ambaye hakujaliwa uongo.

"Nuru!" Ngwali akaandika. "Basi unaona, mzee wangu. Sheria inasema kipofu ni asiyeona. Wako wenye macho mazima katika nchi hii hawajaiona hiyo nuru hata siku moja, na hawajaja kunilalamikia."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Mwinshehe.

"Akishamaliza kupofuka mje. Fomu hazitakwisha."

Nje, Shomvi alisimama akipapasa ukuta. Akacheka. "Umesikia, mtani? Kumbe naona! Na miaka yote hii Siwema ananipikia dagaa ananiambia ni kuku."

Mwinshehe hakucheka. Alimtazama rafiki yake akipapasa ukuta wa serikali kama mtu anayetafuta mlango, na mlango ulikuwa upande wa pili. Wazo likamjia hapo hapo, na lilikuwa wazo la mpasua mbao.

Asubuhi iliyofuata waliviringisha meno ya msumeno kwa gunia. Mwinshehe akashika mpini wake mbele, Shomvi akashika wake nyuma, wakaingia njiani. Akivuta kushoto, ni dimbwi. Akivuta mara mbili, ni jiwe. Akisimama ghafla, ni Ngwali. Na Ngwali alipokuja akalaza ufito wake kando ya msumeno, akakuta ufito umezidiwa kwa mbali. Akajikuna chini ya kofia, akawapisha.

"Mtani," alisema Shomvi kwa nyuma, "huku shimoni kwangu leo kuna jua."

Yangeishia hapo yangekuwa mema. Lakini nchi ile watu wake walikuwa na macho. Haikupita wiki, mji mzima ukawa unabeba. Wanaume wawili wawili walibeba ubao kutwa nzima, hawaupeleki popote. Walibeba benchi, ngazi, mua mmoja mrefu, mlango usio na nyumba. Walibeba wakiongea, wanacheka, na jioni walirudisha ubao ulikotoka. Taarifa zikafika juu, na Mtukufu akachungulia dirishani akaona ngazi inapita, watu wanne wanaifaidi.

Likatoka tangazo: kushikana kwa kupitia kitu ni kushikana. Ngwali akaja shimoni mwenyewe.

"Shikamooni. Msumeno huo, wazee wangu."

"Tutakula nini, baba?" aliuliza Mwinshehe.

"Hilo ni la Wizara ya Chakula." Akamwekea karatasi atie saini. "Hili ni kosa la kwanza, mzee Mwinshehe, na limeandikwa kwa jina lako kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mbele. La pili ni miaka mitatu, chumvini. Mimi nakuheshimu kama baba yangu, ndiyo maana nakueleza mapema."

Akaondoka na msumeno begani, unapiga makelele kila hatua.

*

Njiani kurudi nyumbani kulikuwa na mtaro. Wizara iliuchimba katikati ya barabara kuu ili marafiki wawili wakiongozana, mmoja apite huku na mwenzake kule. Uliitwa Mtaro wa Adabu. Upana wake ulikuwa dhiraa mbili, na kina chake hakuna aliyekielewa, ila mkandarasi alilipwa kwa kina. Wa kuuvuka alivuka kwenye ubao mmoja.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, barabara nyeupe. Mwinshehe akatazama huku na huku. Hapakuwa na kofia yoyote.

"Nipe mkono," alisema. "Upesi."

"Una jasho wewe."

"Nipe mkono, bwana!"

Akatangulia kinyumenyume kwenye ubao, amemshika mwenzake. Shomvi akaukanyaga, akapapasa kwa unyayo, akatabasamu. "Huu si ubao wetu huu? Mninga. Ule wa mwaka wa mvua nyingi. Hapa mwisho ulivuta vibaya, nikakwambia, umepinda."

"Nyamaza, pita."

"Mimi nasema tu kwamba umepinda."

Nyuma ya Mwinshehe, mtu akakohoa. Mwinshehe alikijua kikohozi kile. Kichwani mwake hamkuja wazo lolote, wala la chumvi wala la miaka mitatu. Ilikuja redio. Moja, mbili. Mkono wake ukafunguka.

Shomvi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwinshehe?" kama mtu aliyeamshwa usingizini, akatafuta hewani mara moja kwa mkono ule ulioachwa. Halafu mbele ya Mwinshehe ubao ukawa hauna mtu.

Ngwali alikuja mbio. Baadaye aliapa mbele ya mashahidi kwamba hakuwa amewaona kabisa. Alikuwa na mafua.

Waliomtoa mtaroni ni wanawake, maana wao sheria haikuwagusa. Walishuka kwa kanga zilizofungwa pamoja, wakampandisha. Mwinshehe alisimama ukingoni, mikono kaiweka nyuma.

*

Shomvi alikaa siku tatu. Siku ya pili Mwinshehe alikuja kumjulia hali, akakuta mstari wa chaki umechorwa sakafuni, dhiraa mbili kutoka kitandani, na Ngwali ameketi kwenye kigoda pembeni, kaja kwa heshima ya familia.

"Nani huyo mlangoni?" aliuliza Shomvi. "Mtani wangu?"

"Ni mimi."

"Sogea basi."

"Nipo hapa hapa."

Shomvi akanyoosha mkono. Ngwali akainuka kigodani. Aliulaza ufito wake juu ya mstari wa chaki, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mwinshehe akautazama ufito, akautazama mkono. Viatu vyake havikuvuka. Mkono wa Shomvi ukakaa hewani, kiganja juu, na Bi Siwema ndiye aliyeushika akaurudisha ndani ya shuka.

"Niliteleza, Siwema," alisema Shomvi. "Hizi kandambili zimekwisha, hazishiki."

Kandambili zilikuwa chini ya kitanda. Bi Siwema alimnunulia wiki iliyopita, na karatasi ya bei ilikuwa bado haijatoka.

Wizara ilileta salamu za rambirambi siku ya tatu jioni, zenye mhuri. Zilisema marehemu alifariki akiwa katika umbali unaokubalika.

*

Ikapita miezi saba. Katika nchi ile ya baridi, wataalamu walikuwa wakihesabu watu wao waliokufa, wakagundua jambo: wanaume wengi walikuwa wanakufa kwa upweke, kila mmoja ndani ya chumba chake, na mwingine anaonekana baada ya wiki kwa sababu ya harufu. Wakatafuta dawa. Mmoja akakumbuka ile picha ya shela. Barua ikaandikwa kwa unyenyekevu: Tunaomba kuja kujifunza jinsi wanaume wa kwenu wanavyoshikana mikono. Tutakuja na msaada.

Mtukufu akaisoma mara mbili, pale penye msaada mara nne. Uwanja ukajaa tena.

"Ndugu wananchi! Nani aliwaambia muachane? Kushikana mikono ni mila yetu tangu enzi, na mwasisi wake ni mimi! Mimi ndiye niliyeipeleka ng'ambo kwa mkono wangu huu, ikachorwa gazetini!"

Wizara ya Umbali ikabadilishiwa kibao mchana mmoja, ikawa Wizara ya Mshikamano. Maafisa ni wale wale na fito ni zile zile, ila sasa zilitumika kuwasukuma waliokaa mbali. Ngwali akapandishwa, akawa mkurugenzi.

Taabu ikawa moja. Watu waliletwa kwa majaribio wakashikishwa mikono, wakahesabu mbili wakaachia. Wengine walifumba macho kabisa wakingoja ufito. Watoto waliofundishwa salamu na redio hawakujua hata mkono unashikwa upande gani. Wageni wako njiani, na nchi nzima haina marafiki wawili wa kuonyesha. Ndipo mtu akasema zitazamwe faili za wakosaji, wale wabishi. Ikapatikana moja yenye msumeno ndani.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Ngwali mlangoni kwa Mwinshehe. "Hongera. Wewe na mwenzako ni mabingwa wa taifa wa kushikana. Mwenzako yuko wapi?"

"Unajua alipo."

Ngwali akafungua faili, akasoma, akavua kofia. "Ee, kweli. Pole sana, mzee wangu. Basi nafasi yake iko wazi." Akatoa barua iliyokwisha kupigwa mhuri. Ilisema kwamba ndugu Ngwali ameteuliwa kuwa Kaimu Rafiki wa ndugu Mwinshehe, kuanzia tarehe ya barua hiyo, hadi nafasi hiyo itakapojazwa.

"Na nikikataa?"

"Sheria ni ile ile, tumeigeuza upande tu. Miaka mitatu, chumvini."

Mwinshehe alikubali. Msomaji angependa kusikia kwamba alifikiri kwanza, lakini hakufikiri.

*

Jukwaa lilipambwa kwa makuti na bendera. Wageni walikaa mbele, wanaume kumi na wawili wa makamo, kila mmoja kaacha kiti kitupu kati yake na mwenzake. Mkono wa Ngwali ulikuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Mwinshehe akaushika. Moja. Mbili. Vidole vyake vikafunguka.

"Shika, mzee wangu," alinong'ona Ngwali, anatabasamu kwa wageni.

Akashika. Moja, mbili, vikafunguka. Mara ya tatu alivikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka, navyo vikafunguka vile vile. Wageni wakaanza kutazamana. Mtukufu akakunja uso, na waziri akaruka nyuma ya pazia akarudi na utepe wa rangi za taifa. Wakafungwa mkono kwa mkono, mafundo matatu, halafu mikono mirefu ya mashati ikavutwa juu ya utepe usionekane. Sasa walishikana vizuri kabisa.

Mgeni mmoja, mzee mwembamba mwenye macho mekundu, alisogea karibu. Akauliza kupitia mkalimani, mpya, wala si mwaminifu kama yule wa kwanza, "Mwulize, anajisikiaje sasa hivi?"

"Nataka kwenda kwetu," alisema Mwinshehe.

"Anasema anajisikia yuko nyumbani," alisema mkalimani.

Wageni wakalia. Picha ikapigwa.

Kalenda ilitoka mwezi huo huo, na maafisa walizunguka nyumba kwa nyumba na nyundo, wakiipigilia wenyewe ukutani ili isisahaulike. Mwinshehe na Ngwali, mkono kwa mkono, na chini yao maandishi mekundu: MARAFIKI WA KUFA NA KUZIKANA.

Mwinshehe alirudishiwa na msumeno wake, umeshika kutu. Hakuwa na wa kuvuta naye. Akauangalia ule mpini wa chini, uliolika mahali pa vidole vya Shomvi, akaona huo si wake. Akauchomoa, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda nao kwa Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa uani anapepeta mchele, na ukuta wa nyuma yake una kalenda. Akaupokea mpini bila kufungua kitambaa. Alijua ni nini kwa uzito wake. Akauweka mapajani, akageuka akaitazama picha kwa muda mrefu, akamtazama na Mwinshehe mwenyewe.

"Huyu, shemeji," alisema, "hukumwachia."

Mwinshehe akafungua mdomo. Alama ya utepe bado ilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake, nyekundu, na angeweza kuionyesha. Akavuta shati, akaifunika. Bi Siwema alikuwa ameshainua ungo.